Sentimita Nane za Mchanga kwa Mzee Gaspari

Wakuu, siku barua yangu ya posa inapelekwa, washenga wangu walitoka ukweni mbio. Mmoja alikuwa kafunika pua kwa kofia, mwingine kwa bahasha yenyewe ya posa.

Nyumba nzima ilikuwa inanuka mayai viza.

Na aliyeipanda harufu ile mle ndani ni mimi, kwa mikono yangu miwili, wiki tano kabla, huku nikijiona nina akili kuliko watu wote wa Songea.

Kaeni vizuri niwasimulie. Kucheka ruksa, ila msinitumie emoji za jeneza.

Naitwa Aidani. Mimi ni fundi wa vioo na aluminiamu, kibanda changu kipo Mfaranyaki. Madirisha, milango, makabati ya vioo ya maduka ya simu, vyote napiga. Kwetu ni Litembo, huko juu milimani Mbinga. Ni Mmatengo niliyekulia kwenye maharage na kahawa, na bahari nilikuwa nimeiona kwenye kalenda tu.

Nina ugonjwa mmoja. Sijui kusema hapana.

Mteja akiuliza "unaweza?", mimi tayari nimeshasema "naweza", halafu ndiyo naanza kuwaza nitawezaje.

Sasa siku moja akaingia dada mmoja kibandani, mrefu, koti jeupe la duka la dawa bado kalivaa.

"Habari ya kazi, fundi. Unatengeneza matangi ya samaki?"

"Natengeneza."

"Umeshatengeneza mangapi?"

"Mengi tu."

Wakuu, sikuwa nimetengeneza hata la kuwekea mende.

"La maji ya chumvi je? La baharini?"

"Dada yangu, kioo hakiulizi maji yana nini."

Akacheka. Nikazama palepale, bila maji.

Aliitwa Domina. Anauza duka la dawa kule Msamala, anaishi na baba yake hapo hapo Mfaranyaki. Mama yake alishafariki, kaka yake yuko Mwanza, kwa hiyo nyumbani ni yeye na mzee tu.

Na huyo mzee ndiye mwenye kisa.

Mzee Gaspari alifanya kazi melini miaka ishirini na sita, fundi mitambo, makao yake Mtwara. Alipostaafu, mgongo umeshaharibika, akarudi kwao Songea. Wenzake wakistaafu wanarudi na friji na makochi. Yeye alirudi na bahari.

Sitanii. Sebuleni kwake kulikuwa na tangi la futi mbili, ndani kuna mawe, kuna matumbawe yaliyo hai yanayofunguka na kujifunga, kuna samaki wawili wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Mmoja anaitwa Katekista, kwa sababu kila mtu akiingia yeye ndiye wa kwanza kuja mbele.

Chumvi maalumu inatoka Dar kwa basi. Maji ni ya mvua, anayachuja kwanza, anachanganya chumvi kwenye pipa, anapima kwa kidude kama kipimajoto. Majirani walikuwa wakija Jumapili baada ya misa kutazama, kama vile watu wanavyoenda kumwona mtoto mchanga.

Tangi hilo dogo lilianza kuvuja. Ndiyo maana Domina akaja kwangu, wanataka jipya la futi nne.

Kwenda kupima tu nilienda mara saba.

Mara ya kwanza nilisahau futi ya kupimia. Mara ya pili nilisahau kuandika. Kuanzia ya tatu nikawa sina hata kisingizio, naingia tu, "Shikamoo mzee, nimekuja kuhakikisha ile kona." Mzee anajibu "Marahaba," ananiangalia tu. Alikuwa ameshaelewa, ila kajikausha.

Kufikia tangi linaisha, mimi na Domina tulikuwa tumeshaongea mambo ya watu wazima. Akaniambia, "Kama kweli una nia, lete barua. Sitaki kusindikizwa sindikizwa barabarani."

Nikampigia baba yangu mdogo, Makarius, aliyeko Mbinga, awe mshenga. Yule mzee anaongea hadi redio inaona aibu. Akasema amekubali, tupange siku.

Mambo yalikuwa yananyooka, hadi tulipofika kwenye mchanga.

Siku ya kulikalisha tangi, Mzee Gaspari akaniita pembeni. Magunia ya mchanga mweupe wa matumbawe yalikuwa yameshafika kutoka Mtwara, yamepangwa ukutani.

"Aidani, sikiliza. Chini utaweka mchanga sentimita kumi na tano."

"Kumi na tano, mzee?"

"Kumi na tano. Mchanga ukiwa mrefu, kule chini hewa haifiki. Kuna vijidudu vinapenda hivyo, vinakula kile kinachooza, vinasafisha maji vyenyewe. Ukishauweka hauguswi tena. Miaka hata mitano, mkono hauingii."

"Sawa, mzee."

"Na Domina usimwambie nimekwambia. Atabisha."

"Sawa, mzee."

Nikatoka nje nikachukue gundi. Domina yuko getini ananisubiri.

"Baba kakwambia nini kuhusu mchanga?"

"Aah, mambo ya kawaida tu."

"Weka sentimita tatu."

"Tatu?"

"Tatu, usizidishe. Mchanga mfupi unauona, unaufikia, unauvuta uchafu kwa mpira kila wiki. Mimi nitausafisha mwenyewe kila Jumamosi. Ile mirefu ukija kuichokoza bahati mbaya inaua samaki wote. Nimesoma."

"Sawa."

"Na baba usimwambie nimesema."

"Sawa, Domina."

Mnaona ugonjwa wangu ulivyo? Ndani ya dakika kumi nimekubali mara nne mambo mawili yasiyokaa chungu kimoja.

Usiku ule sikulala vizuri. Upande mmoja kuna mkwe, ambaye akinikataa nimeisha. Upande mwingine kuna mke, ambaye akinikataa nimeisha zaidi. Nikimpa mzee kumi na tano, Domina ataniona ni mtu wa kuyumbishwa na baba yake. Nikimpa Domina tatu, mzee ataniona nimemdharau hata sijaoa.

Asubuhi nikapata jibu nikiwa napiga mswaki.

Nane!

Nane ni katikati. Kila mmoja anapata kidogo. Nikajipongeza mbele ya kioo, na povu mdomoni.

Lakini kina utakifichaje kwenye tangi la kioo? Hapo ndipo ufundi ulipoingia. Nikazungushia fremu pana ya aluminiamu kwa chini, pande zote nne, ikaficha sehemu yote ya mchanga. Mzee alipouliza nikamwambia inazuia mwanga usipenye pembeni mchanga ukaota ukijani.

"Umewaza vizuri sana," akasema mzee.

Nikajisikia vibaya kidogo, ila kidogo tu.

Siku ya kumwaga mchanga nilikuwa peke yangu. Domina kazini, mzee kaenda kwenye jumuiya. Nikamwaga, nikasawazisha, nikapima kwa futi. Nane kamili. Magunia yaliyobaki nikayapakia kwenye bodaboda nikayaficha kibandani kwangu, nyuma ya mabati.

Ningeishia hapo, pengine leo nisingekuwa na cha kuwasimulia.

Tatizo lilikuwa lile neno la mzee. "Vinakula kile kinachooza." Lilikuwa linanizunguka kichwani. Nikawaza, nimempunja mzee sentimita saba, walau basi nimfidie. Kama vijidudu vinataka kinachooza, mbona hiyo kazi sisi Wamatengo tunaijua toka enzi za mababu?

Kwa wasiojua, kwetu milimani tunalima ngolo. Mvua zikikaribia kuisha unafyeka nyasi, unazilaza kwa mistari ya kukatana kama madirisha, halafu unachimba udongo katikati unazifukia. Vinabaki vishimo mlima mzima. Maji ya mvua yanatulia humo, udongo hauporomoki, na zile nyasi zinaoza pole pole kule chini. Unapanda maharage juu, mwaka unaofuata mahindi, shamba halichoki. Watu wamelima mteremko uleule vizazi na vizazi.

Nikasema kumbe bahari nayo ni shamba tu.

Nikatoka uani, nikakwanyua nyasi kavu za kutosha, nikarudi. Nikafukua mchanga, nikazilaza chini kwa mistari ya kukatana, vizuri kabisa, kama alivyonifundisha mama. Nikafukia. Nikasawazisha.

Nikatazama kazi yangu, nikatabasamu. Ngolo ya kwanza baharini.

Tukajaza maji ya chumvi, tukawasha pampu. Mzee akasema lazima tangi likae wiki tatu bila samaki, lipoe. Maji yakawa na rangi ya chai nyepesi hivi. Mzee akakunja uso, akasema labda ni mawe. Mimi nikala buyu, nikajifanya nakagua pampu.

Wiki ya nne Katekista na mwenzake wakahamishwa, na matumbawe yakahamishwa. Wakawa wanaogelea kwa raha zote. Mzee ananiambia, "Kumi na tano hiyo kijana, umeona?" Domina akinisindikiza ananiambia, "Asante kwa kunisikiliza. Jumamosi sijausafisha bado, baba anasema tangi jipya lisisumbuliwe mwezi mzima."

Kwa wote wawili nilitikisa kichwa.

Wiki ya tano, Jumamosi, ndiyo ilikuwa siku ya barua.

Kwa mila, mwoaji hakanyagi ukweni siku ile. Wanaenda washenga. Mimi nikakaa kwenye kibanda cha chai, hatua mia mbili kutoka hapo, nimevaa shati la kupigwa pasi bila sababu yoyote, simu mezani, chapati imepoa mbele yangu.

Yaliyotokea ndani nimesimuliwa na watu wanne tofauti, na wote wanne wanakubaliana.

Baba mdogo Makarius na mwenzake Mathias walipokelewa vizuri. Upande wa mkwe alikuwepo mzee, na dada yake, Shangazi Kasiana, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuamuru. Wakakaa. Soda zikaja. Shangazi akauliza, "Haya wageni, njia yenu imewaleta kwa lipi?"

Sasa baba mdogo si mtu wa kusema "tumeleta posa" akanyamaza. Lazima apambe. Akasimama akalisogelea tangi.

"Sisi tumetoka mbali, milimani," akasema. "Tumesikia nyumba hii ina bahari. Na ndani ya bahari hiyo kuna samaki mmoja mzuri, ametulia, anang'aa. Tumekuja kuomba samaki huyo."

Akanyoosha mkono juu ya maji ili aonyeshe.

Alikuwa amevaa saa ya kuazima. Saa kubwa, mkono mwembamba. Ikateleza, ikazama chubwi.

Mtu mwingine angesema samahani. Baba mdogo akaona aibu ya kuua hotuba katikati. Akakunja mkono wa koti, akaingiza mkono hadi kwenye kwapa huku anaendelea kuongea, "samaki huyo, wazee wangu, sisi tutamtunza," na huku kule chini anapapasa. Saa ilikuwa imeshazama mchangani. Akachimba. Akachimba zaidi. Akafika kwenye ngolo yangu.

Mathias anasema kwanza yalitoka mapovu makubwa, blup, blup. Kisha wingu jeusi. Kisha harufu.

Wakuu, kimenuka!

Simu yangu ikaita.

"Aidani, uko wapi?" Ni Domina, sauti inatetemeka. "Njoo upesi. Samaki wanalala ubavu. Umeweka nini humu ndani?"

Nilikimbia. Chapati sikuilipia, nililipa kesho yake, msinihukumu.

Getini napishana na washenga wangu wanatoka, wanakohoa. Baba mdogo ananitazama na macho ya machozi. "Mwanangu, hii familia inafuga nini?"

Nafika mlangoni, Shangazi Kasiana kasimama, khanga puani, mkono kiunoni.

"Wewe si ndiye mwenye barua?"

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mwoaji haruhusiwi kuingia leo."

"Shangazi, nimekuja kama fundi."

Akafikiri kidogo.

"Fundi apite. Mwoaji abaki nje."

Nikapita, na sijui hadi leo yule mwoaji nilimwacha wapi.

Sebuleni madirisha yote yalikuwa wazi. Maji yalikuwa meusi. Mzee Gaspari alikuwa amepiga magoti mbele ya tangi, yeye na mgongo wake mbovu, mikono yote miwili majini, anamtafuta Katekista kwa kupapasa. Sijawahi kumwona mtu mzima anatetemeka midomo vile.

Hapo nikaacha kuwaza posa. Nilimwonea huruma yule mzee, na nilijichukia.

"Ndoo!" nikasema. "Domina, maji ya pipa!"

Kumbukeni mzee anakuwa na pipa la maji ya chumvi tayari. Tukajaza ndoo tatu. Mimi nikaingia na kichujio cha chai, nikampata mwenzake Katekista kwanza, halafu Katekista mwenyewe, kalala ubavu, mdomo wazi. Tukawaweka kwenye ndoo, tukatia pampu ndogo ya hewa. Matumbawe tukayabeba jiwe moja moja. Tulifanya kazi nusu saa bila mtu kusema neno lisilo la kazi.

Kulikuwa na kamba mmoja mdogo, mwekundu. Huyo tulimkuta ameshakufa.

Tukakaa tunaitazama ndoo. Dakika kumi. Kumi na tano.

Katekista akatikisa mkia. Akakaa sawa. Akaja juu, mbele, kama kawaida yake.

Mzee akavuta pumzi ndefu. Kisha akasimama, akarudi kwenye tangi, akaingiza mkono kule chini. Akatoka na kitu cheusi, kinachuruzika.

"Hii ni nini, Aidani?"

Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari kichwani. Mchanga wa Mtwara ulikuja na takataka. Saa ya baba mdogo, tuliyoiokota kati ya mawe, ina betri mbovu. Mimi sijui.

Nikamtazama Domina. Nguo yake ya kupokelea barua, kitenge kizuri kipya, imelowa maji meusi hadi magotini.

"Ni nyasi, mzee."

"Nyasi?"

"Ulisema vijidudu vinakula kinachooza. Nikalima ngolo."

Nilisikia sauti kutoka kwenye kochi. Ni Shangazi Kasiana, anajizuia, mabega yanapanda na kushuka. Kisha akashindwa.

"Jamani! Mmatengo kalima baharini!"

Alicheka hadi akashika ukuta. Baba mdogo aliyekuwa amerudi kuchungulia dirishani naye akacheka. Mzee hakucheka.

"Na hiki ni kina gani?" Alikuwa ameingiza futi ya chuma. "Mimi nilikwambia kumi na tano."

"Mimi nilikwambia tatu," akasema Domina.

Wakatazamana baba na mwana. Halafu wote wawili wakanigeukia mimi.

"Nane," nikasema.

"Nane umeitoa wapi?" akauliza mzee.

"Katikati. Nilitaka kila mtu apate."

Mzee akakaa chini pole pole, akashika kiuno.

"Kijana. Tatu inafanya kazi, ukiwa na mtu wa kuisafisha. Kumi na tano inafanya kazi, ukiwa na mtu wa kuiacha. Nane ni ndefu mno kusafishika na ni fupi mno kujisafisha. Hata bila nyasi zako ingeoza, ingechukua tu muda."

"Mimi kosa nimelijua, mzee. Naomba radhi."

"Lakini baba," Domina akaingilia, "kwa nini kumi na tano? Toka tukiwa Mtwara, nikiwa mdogo, umetumia tatu. Wewe mwenyewe ndiye ulinifundisha kuvuta uchafu kwa mpira."

"Mambo yanabadilika."

"Yamebadilika nini?"

Mzee akawa anafuta miwani yake na kona ya shati. Akaifuta kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo.

"Wewe unakwenda," akasema. "Hawa wamekuja kukuchukua. Mimi na huu mgongo, nani atainama kila Jumamosi? Nikasema niweke mchanga usiohitaji mtu. Nisiwe mzigo kwako. Uende kwako kwa amani."

Domina alianza kulia hapohapo alipokaa, sakafuni, katikati ya ndoo.

"Na mimi nikataka tatu ili uwe unanihitaji," akasema. "Niwe na sababu ya kuja kila Jumamosi. Wewe unajua maneno yako. Kaka alipokuwa anakuja kila mara ulimwambia angalia mji wako, hapa unafuata nini. Nikaogopa nikishaolewa utaniambia hivyo hivyo. Nikasema basi, nitafuata mchanga."

"Kuja kwa baba yako kunataka mchanga?"

"Kwako, ndiyo."

Machozi yakamtoka mzee, hakuyafuta, akaacha yaende.

Na mimi nimesimama pale, kichujio cha chai mkononi, mjinga wa daraja la kwanza. Wiki tano nzima nilidhani watu wawili wanabishana kuhusu mchanga. Kumbe baba alikuwa anajifunza kubaki peke yake, na mtoto alikuwa anatafuta njia ya kutomwacha. Kila mmoja alinishika mkono akaniambia, na mimi nikaishia kuhesabu sentimita.

Shangazi Kasiana akapiga makofi mawili.

"Haya. Kilio kimetosha. Bahasha iko wapi?"

Mathias na baba mdogo wakarudi ndani, Mathias akaileta. Ilikuwa imekunjamana na inanuka.

"Domina," akasema shangazi kwa sauti ya kazi, "wageni hawa unawajua?"

"Nawajua."

"Barua hii tuipokee au irudi Mbinga?"

Domina alinyanyuka, akaja kusimama mbele yangu, uso umelowa.

"Fundi," akasema. "Mchanga tunaweka sentimita ngapi?"

Nilimtazama mzee. Yeye alikuwa ananitazama. Pale pale ugonjwa wangu ukanishika, ulimi ukaanza kutafuta namba ya kumfurahisha kila mtu. Nikaona tena nane inakuja.

Nikaimeza.

"Tatu," nikasema. "Samahani mzee, najua ulitaka kumi na tano. Mimi naweka tatu. Na Jumamosi tutakuja wawili, mimi ndiye nitakayeinama."

"Na nikikataa?" akauliza mzee.

"Ukikataa, mzee, magunia yako yaliyobaki yako nyuma ya mabati kibandani kwangu. Mwite fundi mwingine akuwekee. Mimi mchanga wa kumfungia Domina nje siuweki."

Wakuu, ilikuwa mara yangu ya kwanza maishani kumkatalia mtu niliyemhitaji.

Mzee Gaspari akavaa miwani yake, akanyoosha mkono kwa Mathias.

"Lete hiyo bahasha," akasema. "Inanuka, lakini ilete."

Vigelegele vya shangazi vilisikika hadi kwenye kibanda cha chai. Na kabla havijaisha akanigeukia akanitoza faini ya mwoaji kukanyaga ukweni siku ya barua, khanga doti mbili, moja yake na moja ya Domina aliyeharibiwa nguo. Nililipa kiroho safi.

Tuna mwaka na miezi minne sasa ndani ya ndoa. Tangi lipo, mchanga sentimita tatu, fremu niliing'oa.

Kusafisha kwenyewe, nikiwaambia ukweli, ni kazi ya dakika ishirini. Lakini kila Jumamosi tukifika saa tatu asubuhi, mzee anasema maji bado hayajatulia, tungoje kidogo. Tunakunywa chai. Saa sita anasema tule kwanza. Saa tisa anasema mpira hauonekani. Mpira kaukalia yeye mwenyewe, tunauona wote, tunajifanya kuutafuta.

Tunasafisha jua likiwa linazama.

Ninachowaachia ni hiki. Watu wako wawili wakivutana juu ya jambo dogo, usikimbilie kugawa katikati ukajiita mpatanishi. Waulize kwanza kila mmoja anaogopa nini, halafu chagua, hata kama atakayekasirika ni mkwe.